Mkuu kaleta sheria 52 bodi izipitishe, tuanzie wapi?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mzazi, nimeingia bodi ya shule ya kata iliyofunguliwa mwaka jana, ni ya kutwa. Mkuu wa shule katuletea sheria 52 za wanafunzi tuzipitishe kikao kijacho. Nyingi naona zimetolewa shule ya bweni maana kuna sheria ya kuzima taa saa nne usiku. Kuna viboko, nywele, simu, mimba, mpaka lugha ya kuongea. Nataka kujua shule ina uhuru kiasi gani kujitungia sheria zake, bodi tuangalie nini, na je nikikataa kupitisha naruhusiwa?

Jibu:

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera kwa kuyasoma hayo makaratasi mpaka ukafika kwenye hiyo ya kuzima taa, maana wajumbe wengi wanapewa kabrasha siku hiyohiyo ya kikao, linasomwa haraka haraka, watu wanasema tumepitisha na chakula kinaletwa. Mimi nimefundisha, nimekuwa mkuu wa shule, na miaka ya mwisho kazini nilikuwa udhibiti ubora, yaani ukaguzi wa shule, kwa hiyo sheria za shule nimezisoma nyingi sana na ntakujibu kwa urefu kidogo. Nazungumzia Tanzania Bara, Zanzibar elimu wana sheria yao na wizara yao.

Uhuru wa shule upo, ila ni mdogo kuliko wakuu wengi wanavyodhani. Juu kabisa kuna Sheria ya Elimu ya 1978, ambayo ndiyo imeunda hata hiyo bodi unayokaa. Chini yake kuna kanuni za waziri, na kwa nidhamu zile kubwa ni mbili za mwaka 2002, Tangazo la Serikali namba 294 linalohusu viboko na namba 295 linalohusu kufukuza na kusimamisha wanafunzi. Pembeni kuna Sheria ya Mtoto ya 2009 ambayo inamlinda mtoto popote alipo, awe nyumbani au shuleni. Alafu kuna nyaraka za elimu zinazotoka wizarani kila mara. Shule yenu inaanzia baada ya hapo. Yaani mnachoweza kuamua nyie ni maisha ya kila siku, saa ya kufika, sare na usafi, mipaka ya shule, nani anafagia wapi, simu inafanywaje ikikamatwa, mtoto akikosa anaanza kusemeshwa na nani. Ila adhabu nzito na sababu za kumtoa mtoto shuleni haziko mikononi mwenu kuzibuni, mnazikuta.

Sasa ukichukua ile fomu ya kujiunga na shule aliyopewa mwanao, utaona nyuma kuna orodha ya makosa yanayoweza kusababisha mwanafunzi kufukuzwa shule. Wizi, ulevi na dawa za kulevya, kupigana, kuharibu mali ya umma kwa makusudi, kudharau bendera ya Taifa, kuoa au kuolewa, kuongoza mgomo, kukataa adhabu kwa makusudi, kukutwa na simu. Ukienda shule ya mkoa mwingine kabisa utakuta orodha karibu ni ileile, neno kwa neno. Ndo maana nasema shule nyingi hazijatunga chochote, zimerithi karatasi, na huyo mkuu wenu inawezekana sana alichukua faili la shule alikotoka akabadilisha jina juu. Simlaumu sana, shule mpya ina mambo mengi, hana walimu wa kutosha, maabara haijaisha na kila ofisi inamdai taarifa. Ila ndo kazi ya bodi hiyo, kumsaidia aikate ile karatasi ifanane na shule aliyonayo.

Usiziogope 52, chukua kalamu na upitie moja moja ukijiuliza maswali mawili tu: je hii tayari ina sheria juu yake inayosema tofauti, na je tukiiandika tutaweza kuisimamia sawasawa kwa kila mtoto, mtoto wa diwani na mtoto wa mkata mkaa. Ikishindwa hata swali moja, itoke.

Tuanze na viboko maana najua ndo kikao kitakapopata joto. Kama kuna sheria inayosema "viboko 6" au "viboko 10" hiyo ni batili, futa. Kanuni ya 2002 inasema visizidi vinne. Na siyo vinne vya mwalimu yeyote aliyekasirika. Anayeruhusiwa ni mkuu wa shule mwenyewe, au mwalimu aliyepewa ruhusa ya maandishi na mkuu, na ruhusa ni ya tukio lile, haibebwi mfukoni mwaka mzima. Msichana anachapwa na mwalimu wa kike au mkuu wa shule, isipokuwa kama shule haina mwalimu wa kike. Mahali ni mkononi au makalioni juu ya nguo, kwa fimbo nyepesi, basi. Siyo kichwani wala mgongoni, siyo ngumi wala teke wala bomba. Umri wa mtoto, jinsia na afya yake vinaangaliwa kwanza. Na kila mara inaandikwa kwenye kitabu cha adhabu, jina la mwanafunzi, kosa, idadi, nani kachapa, na mkuu anasaini. Wewe kama mjumbe omba uone hicho kitabu, iombe kwa heshima tu. Mimi nilipokuwa nakagua, kitabu cha adhabu kilikuwa kinanieleza shule kuliko taarifa ya mkuu. Ukikuta ni kipya kinang'aa na fimbo ziko juu ya kila meza stafurumu, basi unajua adhabu zinatolewa bila kuandikwa.

Na kuna jambo hili halisemwi sana: ile kanuni inaruhusu, hailazimishi. Hakuna mahali shule imeamriwa lazima ichape. Kwa hiyo bodi yenu ina uhuru kamili wa kuamua kwamba kwenye shule hii kiboko hakitumiki, na kuandika hivyo. Mimi ushauri wangu ndo huo, nausema waziwazi kabisa. Wenzetu Kenya walikataza kwa sheria ya elimu ya msingi ya 2013, anayemchapa mwanafunzi anaweza kutozwa faini au kufungwa. Sisi hapa tulishaona Agosti 2018 kule Bukoba mtoto wa shule ya msingi anafariki baada ya kipigo cha mwalimu, kwa tuhuma ya pochi iliyopotea, na mwaka uliofuata mahakama ikamhukumu mwalimu kunyongwa. Mtoto kafa, mwalimu kahukumiwa kifo, familia mbili zimeharibika. Baadhi ya wajumbe watakuambia sisi tulichapwa na tukawa watu. Usibishane nao, waulize tu sheria 52 zina hatua gani nyingine tofauti na kiboko, waoneshe kwenye karatasi hakuna, alafu pendekezeni hatua hizo.

Tukija kwenye mimba hapa naomba utulie usome vizuri maana ni mahali ambapo shule zetu ziliumiza mabinti wengi kwa miaka mingi. Ile kanuni ya kufukuza ya 2002 ukiisoma inataja utovu wa nidhamu wa makusudi na wa kurudia unaohatarisha nidhamu au jina la shule, inataja makosa ya jinai na makosa dhidi ya maadili, na inataja ndoa. Mimba haijatajwa humo. Shule ndo zilikuwa zinaiingiza chini ya maadili, mkuu mmoja kaandika, mwingine kanakili, fomu za kujiunga zikachapwa hivyo nchi nzima, mpaka watu wakaamini ni sheria iliyosema hivyo. Tarehe 24 Novemba 2021 waziri wa elimu wa wakati huo, Prof. Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi kwenye shule za mfumo rasmi, na waraka ukatoka mwaka huohuo. Na 2022 ile kamati ya wataalamu wa Afrika ya haki za mtoto ikaiambia Tanzania iache kuwapima wasichana mimba kwa lazima na iache kuwafukuza. Kwa hiyo kama kwenye hizo 52 kuna "atakayepata mimba atafukuzwa" au "wasichana watapimwa kila muhula", hizo zitolewe na mahali pake muandike nani atamsaidia binti akipata tatizo, na namna ya kumrudisha darasani baada ya kujifungua. Msisahau kuandika kwamba aliyempa mimba mwanafunzi ni suala la polisi, lisiishie ofisini kwa mtendaji kwa ng'ombe wawili.

Michango nayo iangalie. Mara nyingi inajificha kwenye sheria za wanafunzi kwa maneno kama "mwanafunzi asiyekamilisha mahitaji hataingia darasani." Serikali ilishakataza kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa mchango, tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016. Mchango wa chakula mnaweza kukubaliana wazazi wenyewe kwa utaratibu wake na kibali, ila mtoto hatumiki kama dhamana.

Nywele. Shule nyingi za serikali wanafunzi wote wananyoa, wavulana kwa wasichana, na kwa shule ya kutwa ya kata sioni ubaya mkubwa maana inapunguza gharama za kusuka na mashindano kati ya mwenye nacho na asiye nacho. Ila muandike na nini kitafanyika mtoto akija na sababu. Kuna mtoto mgonjwa wa ngozi ya kichwa, kuna familia yenye imani inayokataza kunyoa. Kenya mwaka 2019 Mahakama Kuu Nairobi ilisema shule ilikosea kumzuia binti wa kidato cha kwanza mwenye rasta, familia yake ni ya imani ya Rastafari. Ni mahakama ya nchi nyingine haitubani sisi, lakini hoja yenyewe mtaikuta mlangoni siku moja na bora muwe mmeshaifikiria. Kwa wasichana wa Kiislamu, hijabu mshazoea ipo kwenye sare, taja tu rangi ili mzazi asinunue mara mbili. Na kitu kimoja nakataza kabisa, kumnyoa mtoto njia moja ya mashine katikati ya kichwa mbele ya paredi alafu aende hivyohivyo darasani. Hiyo ni kumdhalilisha, haifundishi kitu.

Sasa kuchelewa, hii ntakaa nayo maana kwa shule ya kata ndo sheria inayovunjwa kuliko zote. Hizi shule zilijengwa kwa wingi kuanzia 2004 kwenye ule mpango wa maendeleo ya sekondari, wazo lilikuwa kila kata iwe na shule, lakini kata zetu za vijijini ni kubwa, kuna mtoto anatembea saa nzima na zaidi, tena kuna mto katikati. Karatasi yenu nina uhakika inasema saa moja na robo geti linafungwa, anayechelewa anapewa adhabu. Adhabu yenyewe ni ipi, kufyeka nyasi au kumwagilia bustani mpaka vipindi viwili vya kwanza viishe. Hebu piga hesabu, kipindi ni dakika 40, mtoto kachelewa dakika 20, tumemuadhibu kwa kumkosesha dakika 80. Alafu mwisho wa muhula tunashangaa kafeli hisabati, ambayo kwenye ratiba imewekwa asubuhi kwa sababu akili inakuwa safi.

Nilichokuwa nawashauri wakuu ni hiki. Kabla ya kuandika sheria ya kuchelewa, mwalimu wa zamu akae getini na daftari wiki mbili, asimchape mtu, aandike jina, saa aliyofika na kitongoji anachotoka. Mara nyingi mwisho wa wiki mbili utakuta majina ni yaleyale na vitongoji ni viwili vitatu. Hapo unajua nani anatoka mbali na nani anakaa jirani na shule ila anapitia kwa fundi baiskeli kupiga stori. Ni watu wawili tofauti, wanahitaji vitu tofauti. Wa mbali mnaweza kumsogezea zamu ya usafi iwe jioni, asubuhi afike tu moja kwa moja darasani, wakati wa masika mto ukijaa mkakubaliana na mwenyekiti wa kitongoji atoe taarifa kwa simu. Wa jirani anaitiwa mzazi. Na adhabu yoyote ya kazi ifanyike baada ya vipindi, iwe na mwisho unaojulikana, na msichana asibaki peke yake shuleni jioni, aondoke na wenzake kabla giza halijaingia. Sheria ya namna hiyo ni ndefu kidogo kwenye karatasi, inachukua aya nzima, lakini inasimamika.

Simu. Orodha ya kitaifa inazikataza, sawa, mimi pia siungi mkono simu darasani. Ila angalia sheria yenu inasemaje baada ya kuikamata. Ukikuta imeandikwa "itavunjwa" au "itachomwa moto mbele ya paredi", futa, ile simu ni mali ya mzazi, tena pengine ya mama anayefanyia biashara ya mkaa na pesa zake zote ziko humo. Mnamfundisha mtoto asiharibu mali alafu mnaharibu mali mbele ya paredi. Andikeni simu itachukuliwa, itaandikwa kwenye kitabu aina yake na rangi na siku, mtoto anasaini na mwalimu anasaini, inafungiwa kabati la mkuu, mzazi anakuja kuichukua na siku hiyohiyo anakaa na mwalimu wa malezi. Na muandike wazi kwamba mwalimu haruhusiwi kufungua na kusoma meseji wala kuangalia picha za mtoto. Hii watu wanaisahau. Binti akikamatwa simu ikapita mikononi mwa walimu watatu wanaangalia picha zake, hapo tumetengeneza tatizo kubwa kuliko simu. Akihisiwa kuna jambo zito ndani, anaitwa mzazi, inafunguliwa mbele yake.

Lugha nayo. Najua Kiingereza ndo lugha ya kufundishia sekondari na mkuu anataka watoto wazoee, ni nia nzuri. Lakini kile kibao cha "No English, No Service" mlangoni kwa walimu mkiondoe. Mtoto wa fomu one, wiki ya tatu, ametoka shule ya msingi ya Kiswahili, kashikwa vibaya na mtu njiani, anakuja kumwambia mwalimu, anarudishwa mlangoni akatafute sentensi. Hatarudi tena. Kwenye sheria muandike kwamba tatizo, ugonjwa na malalamiko yanapokelewa kwa lugha yoyote mtoto anayoiweza, hata kilugha cha nyumbani. Mazoezi ya Kiingereza yafanyike kwenye midahalo na darasani.

Kuna sehemu ya mageto pia ambayo sidhani kama imo kwenye karatasi yenu, kwa sababu imenakiliwa bweni. Watoto wa mbali wanapangiwa chumba karibu na shule, wanakaa wenyewe wawili watatu, wanajipikia, hakuna mtu mzima. Wakuu wengine wanaandika ni marufuku kupanga, lakini huwezi kumkataza wakati hana njia nyingine. Bora muandike kwamba mzazi anayempangia mtoto atoe taarifa kwa mkuu, aandike jina la mwenye nyumba na namba yake, na mwalimu wa malezi apite angalau kila mwezi na mjumbe wa serikali ya kijiji. Hapo bodi mna nguvu kuliko mkuu, maana nyie ndo wenyeji mnajua nyumba ipi ni salama na ipi kuna kilabu cha pombe nyuma.

Kuhusu kufukuza, muweke hatua. Onyo la mdomo, mwalimu wa darasa, mwalimu wa malezi, mzazi anaitwa, barua ya onyo, kamati ya nidhamu, ndipo kusimamishwa na bodi kukaa. Mkuu peke yake na hasira zake asimtoe mtoto, bodi ndo inakaa. Na mtoto asikilizwe, naye na mzazi wake, kabla hamjaamua, siyo aitwe kusomewa uamuzi. Andikeni pia mzazi asiporidhika aende wapi, kwa afisa elimu, na mumpe barua yenye sababu ili aende nayo. Nimeona watoto wamekaa nyumbani muhula mzima "wamesimamishwa" bila barua, bila kikao, bodi haina hata habari. Wekeni kikomo cha siku kwenye sheria yenu, mkuu akimsimamisha mtoto bodi ipate taarifa mara moja na ikae haraka.

Nani atunge? Mkuu ni katibu wa bodi, kwa hiyo rasimu inatoka kwake, hilo halina shida. Ila kabla haijarudi mezani kwenu ipite kwa walimu, ipite mkutano wa wazazi, na ipite kwa wanafunzi. Hapa mkuu anaweza kuguna. Mwambie baraza la shule lipo kwa ajili hiyo, viranja wanakaa na wawakilishi wa madarasa wanasema. Kuna pia ule mpango unaoitwa "Tuseme", ulianzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 hasahasa kwa ajili ya wasichana wa sekondari kusema matatizo yao kwa igizo na majadiliano, na mambo yanayotoka huko mtu mzima hayawazi. Vyoo visivyo na mlango. Mwalimu fulani anaita wasichana nyumbani kwake kuchota maji. Kiranja anachapa wenzake. Hilo la mwisho muandike sheria kabisa, kiranja haadhibu mtu, anatoa taarifa tu. Na kama karatasi ina sheria 52 za wanafunzi na haina hata mstari mmoja wa nini walimu hawaruhusiwi kumfanyia mtoto, bado haijaisha.

Nikadirie mtabaki na sheria ngapi? Kwa shule ya kutwa, kumi na tano hadi ishirini zinatosha, zilizoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida ambacho bibi anayemlea mjukuu anaweza kusomewa akaelewa. Zibandikwe kila darasa, na kopi iende kwenye fomu ya kujiunga ya mwakani, maana hapo mzazi na mtoto wanasaini na ukisainishwa kitu usichokiona hakikufungi moyoni.

La mwisho, umeuliza unaruhusiwa kukataa. Unaruhusiwa, ila mimi ningekushauri usianze na neno nakataa. Mpigie mkuu kabla ya kikao, nenda ofisini kwake mkae wawili, mwoneshe zile chache zinazogongana na kanuni, viboko zaidi ya vinne, mimba, michango, simu kuchomwa. Mwambie unataka kumlinda yeye, maana mdhibiti ubora akija ni jina lake liko pale chini. Wengi wakiambiwa hivyo wanashukuru. Akigoma, basi kwenye kikao pendekeza zipitishwe zile zisizo na ubishi zianze kutumika, zilizobaki zirudi kwa wazazi na wanafunzi na zije kikao kinachofuata, na uombe hoja yako iandikwe kwenye muhtasari kama ulivyoisema. Usisaini muhtasari mpaka uone imeandikwa, na ubaki na kopi.